Jina Ambalo Redio Haikulisoma

Tarehe 9 Februari 1994, Jumatano. Mawingu mazito tangu asubuhi upande wa Bahi, lakini mvua haikushuka. Upepo na vumbi tu, na joto la kukaba koo. Uwele wa jirani umekunja majani.

Hayo niliyaandika siku ileile, na chini yake nikaweka neno moja, "Mgeni", nikashindwa kuendelea. Naendelea sasa. Nitajitahidi nisiongeze wala nisipunguze, ingawa mtu aliyeishia darasa la saba akiandika mambo ya kwao huwa hana hakika ni wapi ameacha kueleza akaanza kujitetea.

Mgeni alifika adhuhuri. Nilikuwa uani napepeta uwele wa kusaga, mama amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha. Mzee mmoja akasimama penye wigo, koti la suti juu ya shati lisilo na kola, jicho moja limefunikwa kwa kitambaa cheupe, mkononi kafuko kadogo kamefungwa kwa kamba.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimetoka Gulwe kwa treni, nimekuja kuonyesha hili jicho hospitali ya hapa Dodoma. Nikasema siwezi kurudi bila kumwona mtu wangu. Wamenielekeza ni hapa. Hapa si ndipo anapokaa..." Akataja jina. Alilitaja kwa sauti kubwa, na uso wote ukacheka.

Mama akageuza kichwa. Mimi nikaweka ungo chini. Tangu tumzike kaka yangu, jina hilo halikuwa limetamkwa ndani ya wigo wetu.

Jina lenyewe sitaliandika. Nilimwahidi kaka, na ahadi uliyompa mtu aliyekwishakufa haina wa kukufungulia. Itoshe kusema kwamba ni jina la ukoo la mcheza sinema wa Kihindi wa zamani, wa zile sinema zisizo na rangi, mwanamume mwenye nywele za kuangukia kipajini, ambaye akipendwa anaimba na akiachwa anaimba zaidi. Kaka hakuwa Mhindi, wala hakufanana naye. Yeye alikuwa Mgogo mrefu, mweusi, meno yake yana ule wekundu unaoachwa na maji yetu ya chumvi. Jina alipewa kwa kazi yake.

Kwa miaka mingi kaka alikuwa mtu wa gari la sinema la serikali. Walikuwa wawili, dereva na yeye. Gari lilibeba jenereta, mashine ya kuonyeshea, kipaza sauti na kitambaa cheupe kikubwa cha kutundika kati ya miti miwili. Walizunguka mkoa mzima, kuanzia Kolo kule Kondoa hadi Gulwe kwenye reli, na vijiji vyote vya majaruba ya mpunga ya Bahi. Sinema zenyewe zilikuwa za kufundisha: choo kichimbwe wapi, mbegu zipandwe vipi, mtoto anyweshwe nini akiharisha. Watu walizivumilia kwa heshima. Kilichowaleta na majamvi yao kutoka mbali ni kile cha mwisho. Kaka alikuwa na mikanda ya sinema moja ya Kihindi, mikuukuu, iliyoungwaungwa kwa gundi, na mwisho wa somo aliwawekea hiyo. Mkanda ulikuwa haukosi kukatika. Ukikatika, watu wa mjini wangepiga miluzi na kudai pesa zao. Kaka yeye alikuwa akiacha taa ya mashine iwake, anasimama mwenyewe mbele ya kitambaa, anaimba ule wimbo kwa Kihindi asichokijua na kutembea kama yule mcheza sinema, mabega mbele, mkono mmoja kifuani, mpaka mwenzake amalize kuunga. Hapo ndipo alipopewa jina. Nenda kijiji chochote uulize jina lake la ubatizo, hakuna atakayekujibu. Uliza lile jingine, watoto watakuonyesha miti ambako kitambaa kilitundikwa.

Alilipenda. Nisifiche hilo. Alikuwa anaitika kabla hujamaliza kuita.

Halafu mambo yakawa ruksa, biashara zikafunguliwa. Sisemi ruksa ilikuwa mbaya. Mimi mwenyewe nilivaa gauni la mtumba lililonikaa kuliko lolote nililowahi kushonewa, na sabuni tulizokuwa tukizipangia foleni zikajaa hadi zikawa zinatembezwa milangoni. Lakini serikali ikasema watumishi wamezidi, na kaka akawa mmoja wa waliopunguzwa. Gari la sinema likawekwa juu ya mawe nyuma ya ofisi, matairi yakaondoka, halafu viti. Mjini vikazuka vibanda vya video, televisheni moja na deki, magunia madirishani kuzuia mwanga. Kaka alikwenda kuomba kazi kwenye kibanda kimoja. Mwenye kibanda alimpokea vizuri, akamwambia, "Mzee, hapa hakuna kazi. Unasukuma kaseti ndani, basi, inajiendesha." Nadhani hakukusudia kumdharau. Alisema tu ilivyo.

Ilikuwa miaka hiyohiyo ambapo vijana wa stendi walianza kulitumia lile jina kwa maana nyingine. Walilipata wapi, sijui. Wengine walisema limekuja na matingo wa malori kutoka Dar, wengine walisema ni neno tofauti kabisa lililogongana tu na jina la yule Mhindi. Kwa vijana lilimaanisha ule ugonjwa, ambao wakati huo watu waliuita kwa kila jina isipokuwa lake. Mtu akikonda, "Kapata hilo." Mtu akizikwa, "Limemmaliza hilo."

Siku kaka alipolisikia kwa maana hiyo nilikuwa naye. Tulikuwa tunapita pembeni mwa stendi tukitoka sokoni. Alikuwa amekwisha kuanza kukohoa na kukonda, suruali ameifunga kwa kamba chini ya mkanda. Mama mmoja muuza samaki wakavu, mtu wa Bahi, akamwona, akaangua shangwe na kumwita kwa jina lake la sinema kutoka ng'ambo ya barabara. Kaka akainua mkono kuitika. Vijana waliokuwa wamekaa juu ya mizigo wakapasuka kicheko.

"Oyaa, mzee kaitika mwenyewe!"

"Mcheki miguu. Ndilo lenyewe hilo, tena limeiva."

Nikashindwa kujizuia. "Nyie watoto, mnajua hilo jina ni la nani?"

"La ugonjwa, mama. Kwani wewe unalijuaje?"

"Ni la mcheza sinema. Wa Kihindi."

"Wa kupigana?"

"Wa kuimba."

"Aa, mama, stelingi wa kulialia siyo stelingi. Huyo kafa mapema, ndiyo maana wamempa ugonjwa." Wakacheka tena, na mmoja wao, mwenye kofia ya sufu, akamwambia kaka kwa upole kabisa, "Pole, mzee. Utani tu."

Kijana huyo mwenye kofia nisimfanye mbaya. Baadaye, kaka alipozidiwa, ndiye aliyetukokotea mkokoteni hadi hospitali na hakutaka kitu. Hakukumbuka kama ndiye yule mzee wa stendi, na mimi sikumkumbusha.

 Siku ile tulipofika nyumbani kaka alikaa kitandani, akavua viatu, akasema, "Kumbe siku hizi nikiitika najitangaza." Tangu hapo aliacha kuitika. Watu waliomwita hivyo aliwapita kama kiziwi, na wale waliotoka vijijini wakimtafuta alituagiza tuseme hayupo. Wakaacha kuja.

Alikufa kwa ugonjwa gani? Cheti kimeandikwa kifua kikuu. Wanaosema kifua kikuu kilikuwa mlango tu wanaweza kuwa wanasema kweli. Mimi sikuuliza na daktari hakunieleza, na leo sijui kama sikuuliza kwa heshima au kwa woga.

Wiki zake za mwisho alikuwa akiongea sana juu ya mazishi. Siku moja nilikuwa nachambua majani ya mlenda pembeni ya kitanda, akaniambia:

"Nikifa, peleka tangazo redioni. Usitume mtu, nenda mwenyewe. Redio inafika Kolo, inafika Gulwe, inafika kote nilikotundika kitambaa. Utaona watu."

"Usiseme hivyo, kaka."

"Nasema. Watakuja na majamvi kama wanakuja sinema. Mwambie mama aazime sufuria za kanisani, zetu hazitatosha." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Alipotulia alinishika mkono. "Ila jina lile lisitajwe. Si redioni, si kaburini, wala huyo mtani wetu na mdomo wake asilitaje. Litajwe la ubatizo tu. Sitaki vijana wa stendi wapite wanacheka juu ya udongo wangu. Apa."

"Naapa."

"Sema kwa jina la Mungu."

Nikasema. Mimi na yeye, wote wawili, tulikuwa tumeyasema mambo hayo mawili kwa pumzi moja na hakuna aliyeona kwamba hayawezi kukaa pamoja. Alitaka watu waje, na alitaka wasiambiwe ni nani aliyekufa.

Nililiona hilo nikiwa tayari nimesimama dirishani pa ofisi ya redio, asubuhi aliyokufa. Dada aliyekuwa akipokea matangazo alikuwa na kalamu mbili, moja mkononi na nyingine nyweleni, na mwandiko wa haraka. Wakati huo kila familia iliyofiwa ilipitia dirisha la namna hiyo. Usipotangaza, jamaa wa mbali wanakulaumu hadi kaburi linaota majani.

"Pole, mama. Jina la marehemu?"

Nikataja la ubatizo na la baba.

"Maarufu kama nani?"

Nikaitazama ile kalamu ya nyweleni.

"Nauliza, maarufu kama nani? Alikuwa anajulikana kwa jina gani?"

"Hakuna."

Akaacha kuandika, akaniangalia. "Hakuna kabisa? Mama, nakwambia kwa uzuri tu. Mtu akitajwa la kanisani peke yake, hata jirani yake anaweza kusikia asijue. Tunapata malalamiko sana."

 Hapo nikawaona akilini watu wa Gulwe wamekaa, redio inasoma jina ambalo hawajawahi kulisikia. Nilikuwa na neno moja tu la kutamka na majamvi yote yangekuja. Nyuma yangu walikuwa wamesimama wafiwa wengine, na mwanamume mmoja akasema, si kwa ukali, "Dada, nasi tuna maiti."

"Hakuna," nikasema.

"Haya. Kazi yake?"

"Mtumishi wa serikali."

"Alistaafu?"

"Alipunguzwa."

"Tutaandika mstaafu," akasema, na akanitazama kidogo kwa huruma. Nilimshukuru. Niliona amemfunika kaka nguo. Baadaye sana ndipo nilipofikiri kwamba ningeweza kusema tu "mwonyesha sinema", bila jina lolote, na labda wangetambua. Halikunijia. Hakuna aliyenikataza kulisema, halikunijia tu.

Tangazo lilisomwa mchana na jioni. Lilisomwa vizuri, kila jina kwa herufi zake, na mama aliposikia alisema, "Huyo ni nani?" kabla hajakumbuka.

Tulimzika kijijini kwetu, upande huu wa Bahi. Ardhi ilikuwa kama tofali lililochomwa. Kuchimba kaburi kwetu ni kazi ya wanaume wengi wanaopokezana, huku wengine wanataniana na kuimba ili sururu isionekane nzito. Siku ile walikuwa wachache: binamu zetu, wazee wa kanisa, majirani. Walichimba kimya, anayetoka shimoni hana wa kumpokea mpaka yule aliyepumzika avute pumzi. Tuliazima sufuria za kanisani kama alivyoagiza. Wanawake walisonga ugali wa watu wengi. Mama aliketi kwenye ngozi akiielekea barabara, na kila vumbi liliponyanyuka aliuliza:

"Ni gari lile?"

"Ni upepo, mama."

"Angalia vizuri."

"Ni upepo."

Mtani wetu alikuja. Yeye ni jirani yetu pale kijijini, hakuhitaji redio. Kwetu mtani wa ukoo ana kazi yake msibani, na ni yeye peke yake mwenye ruhusa ya kuifanya. Anamwiga marehemu, anavaa nguo zake, anamtukana, anazuia jeneza na kudai fidia ya deni ambalo halikuwahi kuwepo. Hakuna wa kumkasirikia. Ukimkasirikia mtani msibani umesema marehemu hakuwa na watu. Alikuwa amekuja amejitayarisha, shuka jeupe begani na kofia ameipindisha, na nilijua nini kinafuata. Nikamwendea kabla hajafika penye watu.

"Mtani, nakuomba kitu. Jina lile la sinema lisitajwe leo."

"Nani kasema?"

"Mwenyewe. Aliniapisha."

"Mwenyewe kafa. Sisi watani kazi yetu inaanza hapo. Akiwa hai angenikimbiza, sasa anikimbize basi." Alipoona sicheki, akashusha shuka begani. "Wewe, unanifunga mdomo kwenye msiba wangu?"

"Nakuomba, siyo kukufunga."

"Unajua unachoniomba? Unataka nimwige nani? Huyo mliyemtangaza redioni mimi simjui. Mtumishi mstaafu! Mtumishi mstaafu anatembeaje?"

 Alisimama akinitazama, na mimi nikatazama chini. Mwishoni alisema, "Haya. Kiapo ni kiapo," akaenda akakaa na wazee. Wakati jeneza linashushwa aliinuka mara moja. Akapiga hatua tatu nne pembeni ya kaburi, mabega mbele, mkono mmoja kifuani, bila wimbo na bila neno. Bibi mmoja tu ndiye aliyecheka, akaziba mdomo kwa kanga. Wengine hawakuelewa mzee anafanya nini. Mtani akarudi akakaa, akaliweka shuka usoni.

Ugali ulibaki. Wasiotoka kwetu labda hawatauona uzito wa hilo. Msiba wa kwetu chakula hakitoshi; kikitosha watu wanasema, kikibaki hata kusema wanaona aibu. Wanawake walikata ule ugali mabonge makubwa, wakafungia kila mtu arudi nao, na bado sufuria moja ilirudi mjini na sisi. Mama aliibeba mapajani njia nzima, hakutaka nimpokee.

Basi huyo ndiye mtu ambaye mzee wa Gulwe alikuja kumwulizia, amesimama penye wigo wetu, anacheka.

Nilimkaribisha kiti. Nikamletea maji. Nilimwambia.

Alikaa na kikombe mkononi bila kunywa. Kisha akauliza, "Lini?"

Nikamwambia ni mwaka uliopita, kabla ya kiangazi kuisha.

"Na hamkutangaza?"

"Tulitangaza, baba. Redioni, mara mbili."

"Kwa jina lipi?"

Nikamtajia la ubatizo na la baba. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Halafu akaacha kutikisa.

"Mtumishi wa serikali," akasema. "Mstaafu. Wa Dodoma."

"Ndiyo."

"Tulisikia. Tulikuwa tunakula, redio iko dirishani. Mke wangu akasema, 'Maskini, huyo naye ni wa nani?' Nikamwambia, 'Wa kwao.' Tukaendelea kula."

 Mama alikuwa anachora chini kwa kidole.

"Mwanangu, kwa nini hamkulitaja lile tunalolijua? Tungejaza behewa. Kuna wazee kule bado wanasema, gari litarudi, serikali haiwezi kututupa."

Nilimweleza. Nilimweleza kiapo, na kwa shida nikamweleza jina lile limekuwa na maana gani mjini. Alisikiliza akiniangalia kwa jicho lake zima, na nilimaliza nikiwa natazama ungo.

"Maana hiyo kule kwetu haijafika," akasema. "Mimi ndiyo naisikia kwako."

Hakusema kwa lawama. Ningefurahi kama angelaumu. Nimelipima jambo hilo mara nyingi tangu siku ile, na kila nikijaribu kuwa mwadilifu naishia palepale. Kaka alikuwa na haki ya kuogopa, maana kicheko cha stendi nilikisikia kwa masikio yangu. Mimi nilikuwa na kiapo. Dada wa redio alinionya, na mtani naye alisema wazi. Hakuna mkosaji ninayeweza kumshika. Lakini kaka alijificha kwa ajili ya vijana ambao wasingefika mazikoni hata kwa bahati, akafichika kwa watu waliokuwa wamebaki na jina lake likiwa safi. Na aliyemfunika ni mimi.

Mama akaacha kuchora chini. "Baba," akamwambia mgeni, "mtaje."

"Mama," nikasema.

"Nyamaza wewe. Mtaje, baba, kama mnavyomtaja huko."

Mzee alinitazama kuomba ruhusa. Mtani wetu, mwenye haki yake ya jadi, nilimkatalia. Huyu mgeni sikumkatalia wala sikumruhusu. Niliinua ungo nikaendelea kupepeta, na sijui hiyo ni haki ya namna gani. Akalitaja. Alilitaja akianza kila habari nalo, na mama kila mara aliitikia "Ee", kana kwamba ndiye anayeitwa.

Alisimulia usiku mmoja wa Gulwe ambapo mkanda ulikatika, haukuungika tena, na jenereta bado ina mafuta. Watu hawakutaka kuondoka. Kaka akasimama mbele ya kitambaa akaimalizia sinema yote mwenyewe. Alikuwa yule mwanamume, akawa yule binti kwa kujitanda kanga ya kuazima, akawa mama mkwe katili, akawa hata farasi. Mwishoni yule mwanamume anarudi kutoka mbali, binti anamsubiri stesheni, na kijiji kizima kinakuja kuwapokea. "Mpaka leo," mzee akasema, "mwisho wa sinema ile sisi tunaoujua ni ule wa kwake. Nikifa nikikutana naye nitamwuliza kama ndio wenyewe."

Mimi najua sio. Kaka aliwahi kunisimulia mwisho wa kweli. Yule mwanamume anaachwa. Anaimba peke yake, hakuna aliyekuja, na taa zinawashwa. Nilifungua mdomo nikaufunga.

Mzee alitaka kwenda kaburini, lakini treni yake ilikuwa ya asubuhi na kijijini ni mbali. "Nikifika nitawaambia," akasema.

"Utawaambia nini, baba?"

Akafikiri. "Kwamba tuliambiwa."

Alifungua kafuko kake, kulikuwa na karanga. Alikuwa amezileta za kaka, kwa sababu kaka alikuwa akifika Gulwe lazima aondoke nazo, anatafuna njia nzima na kumtupia dereva maganda. Alimpa mama, na mama akazipokea kwa mikono miwili.

Jioni mawingu yalitawanyika bila kutoa kitu. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, mimi na mama na mgeni, sahani moja. Karanga mama alizikaanga mwenyewe, akaziweka katikati. Mgeni hakuzigusa, mimi sikuzigusa. Mama alikula mbili, akafunika zilizobaki.